Chenga usoni mwa mama

Mama wa bibi harusi aliishika albamu ya harusi niliyoipiga picha kwa mikono miwili, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, akarudi ndani, akasogea tena. Kurasa za kanisani alizipitisha haraka. Alipofika kwenye picha ya ukumbini, yeye akicheza na bintiye mbele ya meza kuu, akanyamaza.

"Mwanangu," akasema, "mbona usoni nina chenga kama televisheni ya zamani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaanza kumweleza habari za mwanga, taa za zambarau, na giza la ukumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga albamu na kuniuliza kama nitakunywa maji au togwa. Bibi harusi kwenye picha ile alikuwa safi kabisa, gauni linang'aa. Chenga zilikuwa kwa mama, kwa baba nyuma yake, na kwa kila aliyevaa suti nyeusi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Nilirudi kutoka Hombolo nimekumbatia begi mapajani, na kabla daladala haijafika Dodoma mjini nilikuwa nimeshatoa hukumu: tatizo ni kamera.

## Kodi ya fremu

Nilipomwambia mke wangu nataka kuhamia fulu fremu, kamera yenye sensa kubwa ya kupokea mwanga, alidhani naongelea fremu ya duka. "Hii moja kodi yake tunalipa kwa kubanana," akasema, "hiyo nyingine ya nini?" Nilipomwonyesha bei kwenye simu, akatamani ingekuwa fremu ya duka kweli. Kaka yangu hakuzunguka. Hela hiyo ni bodaboda mpya, akasema, unampa kijana, kila jioni anakuletea hesabu.

Sikuwa na jibu.

Natumia Canon 80D, kamera ya 2016. Sensa yake ni kropu, yaani ndogo zaidi, milimita 22 na nusu kwa 15. Fulu fremu ni 36 kwa 24, eneo mara mbili na nusu. Kwa apacha ileile (tundu la lenzi) na shata ileile (muda wa kupokea mwanga), hiyo ni kama stopu moja na theluthi ya mwanga zaidi, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Kila mpiga picha ninayekaa naye kijiweni anaijua hesabu hii, na wengi wetu tunaishia hapohapo: sensa kubwa, chenga chache, leta pesa.

Orodha yangu ilikuwa fupi. Sony A7 III ya 2018, megapikseli 24. Canon R6 ya 2020, megapikseli 20. Zote za mtumba, kwa sababu A7 IV au R6 Mark II mpya zingenilazimu niuze mpaka geti. Nikon Z6 II niliitazama jioni moja nikaiacha, sababu itakuja.

Hizo megapikseli 20 zilininyima usingizi. Ninazo 24 tayari, halafu nilipe bei ya bodaboda nipate 20? Ikabidi nipige hesabu. Picha ya R6 ni pikseli 5472 kwa 3648. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 18 kwa 12, A3 inaingia na nafasi inabaki. Na picha kubwa kuliko zote ambayo mteja wangu amewahi kuagiza ni A3, ya kutundika sebuleni kando ya saa ya ukutani.

Sawa. Hiyo nikaivuka.

## Nyuma ya kadi ya mchango

Lenzi yangu kipenzi ni EF-S 17-55 ya f/2.8; namba hiyo ya f ikiwa ndogo, apacha inafunguka zaidi. Ilitoka 2006. Niliinunua kwa mzee aliyenifundisha kazi, na ile raba ya kuzungushia zumu imelegea. Mzee aliifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na mimi sijaubandua mpaka leo. Kwenye harusi inakaa mdomoni mwa kamera kutoka saluni mpaka keki.

Shida ni kwamba ni lenzi ya kropu. Ukiiweka kwenye R6 kwa adapta, kamera yenyewe inakata picha ibaki ile ya katikati, na megapikseli 20 zinashuka hadi karibu 8.

Kwa hiyo haihami. Nikaulizia ya kushika nafasi yake, na wote wakanijibu neno moja: 24-105 f/4, anza na hiyo. Nikakaa na kalamu. 17-55 kwenye kropu ya Canon inaona upana sawa na 27-88 kwenye fulu fremu. Na ile f/2.8, ukiizidisha kwa 1.6 hiyohiyo, kwa upande wa chenga na wa kutia ukungu nyuma ya mtu inakuwa sawa na f/4.5 ya fulu fremu.

f/4.5 dhidi ya f/4. Theluthi moja ya stopu.

Nilirudia mara tatu, mara ya mwisho nyuma ya kadi ya mchango wa harusi iliyokuwa mezani. Nikitoa hela yote ile, nikanunua kamera mpya na lenzi hiyo ya f/4, chenga za mama zitapungua kwa kiasi ambacho hawezi kukiona hata akitoka na albamu juani. Mwezi mzima nilikuwa nikitazama video za kulinganisha kamera, na sikumbuki mtu aliyenieleza hivi. Au walieleza nikiwa nimerusha mbele kwenda kwenye bei. Inawezekana.

Kuanzia usiku ule nililala na swali jingine. Ili fulu fremu inilipe, lazima niwe na zumu ya f/2.8 iliyotengenezwa kwa fulu fremu, na huko ndiko hela inakoishia.

## Siku tatu na Sony

Rafiki yangu anayepiga picha za matukio kule Mtumba kwenye mji wa serikali aliniazima A7 III yake kuanzia Ijumaa. Akanipa na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 28-70 ya f/3.5-5.6, maana Tamron yake ya 28-75 f/2.8 alikuwa ameiacha kwa mwenzake.

Usiku nikamkalisha mke wangu sebuleni chini ya balbu moja, amevaa gauni jeusi, mtoto pembeni yake na shati jeupe la shule. Nikatoa stendi. Shata 1/125 ya sekunde kwa kamera zote mbili. Sony, lenzi ikiwa 70, haifunguki zaidi ya f/5.6, ikadai ISO 6400 (usikivu wa mwanga; ukipanda, chenga nazo zinapanda). 80D na 17-55 kwa f/2.8 ikaridhika na 1600. Nikazimwaga kwenye kompyuta na kukuza uso wa mke wangu mpaka unyoya mmoja mmoja wa nyusi ukahesabika.

Ya zamani ilishinda.

Mtu angetegemea nifurahi, nimeokoa hela. Wapi. Nilikuwa nimeshaipenda ile Sony, nimeshauzoea mlio wake mdogo, na niliumia kama mtu aliyeambiwa mchumba anaye mwingine.

Jumapili mchana rafiki akanipitishia ile Tamron kwa saa mbili. f/2.8 huku, f/2.8 kule, ISO 1600 zote. Hapo ndipo fulu fremu ilipojieleza. Gauni jeusi likawa na mikunjo. Chini ya kidevu, mahali ambapo 80D ilikuwa imeweka rangi ya tope lenye vidoa vya kijani na zambarau, palikuwa na ngozi. Stopu moja na kidogo, kama hesabu ilivyosema, na imekaa palepale tunapoihitaji.

Maana chenga huishi gizani. Kwenye harusi zetu kuna gauni ambalo ni jeupe kuliko kitu chochote ukumbini, halafu kuna ngozi nyeusi na suti nyeusi. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, inaliona gauni, inaingiwa hofu, inapunguza. Gauni linapona, nyuso zinasukumwa chini kivulini. Baadaye kwenye kompyuta tunazivuta juu, na chenga zinapanda nazo. Mkufunzi wa kwenye video anayepiga bwana harusi mweupe katika kanisa lenye madirisha makubwa ana matatizo yake, ila hili si mojawapo.

## Faili lenyewe

Siku zote hizo nilikuwa sijafungua faili la picha ya mama. Nadhani nilijua.

Nilipolifungua, lile ghafi kabla ya kuhariri, kila kitu kilikuwa kimeandikwa pembeni: f/4, 1/250, ISO 3200. Na kwenye programu ya kuhariri, kitelezo cha mwanga nilikuwa nimekisukuma juu stopu mbili.

f/4, wakati lenzi inafunguka 2.8. 1/250, kwa mama na binti wanaocheza polepole wimbo wa kuagana. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa napiga vijana wakirukia sebene, na sikubadilisha chochote. Nikatulia, nikahesabu: kushuka 1/125 ni stopu moja, kufungua mpaka 2.8 ni ya pili. Zilezile mbili nilizozivuta kwa nguvu kwenye kompyuta. Zilikuwepo ukumbini, bure.

Chenga za mama nilizitengeneza mimi.

Nilifunga kompyuta. Asubuhi nikampigia kaka, nikamwambia tuongee habari ya bodaboda.

Ningekuwa mtu wa msimamo, makala hii ingeishia hapo.

Kilichonirudisha kilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kwenye sendofu Ipagala. Katikati ya shughuli 80D ikaandika kwamba kadi haisomeki. 80D ina nafasi moja tu ya kadi. Saa nzima ya mwanzo ilikuwa humo: kuingia kwa wazazi, shampeni, dada mkubwa wa binti akilia. Nikaweka kadi nyingine nikaendelea, mikono inatetemeka. Kuna dakika nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na wapishi, namsikia MC akiuliza kwenye spika kameramani kaenda wapi. Usiku wa manane programu ya kuokoa mafaili ilizirudisha karibu zote. Karibu. Dada mkubwa hayumo.

R6 na A7 III zote mbili zina nafasi mbili za kadi. Picha inaandikwa huku na huku kwa wakati mmoja. Mwezi mzima nilipima stopu na megapikseli, na hiki kipengele nilikuwa nikikiruka kama mtu anavyoruka masharti ya mkopo.

## Nani atakuazima

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa hapa, Jumamosi alasiri hakuna salamu. "Nani ana flashi ya Canon karibu na Kisasa, yangu imekata." "Mwenye 70-200 aniokoe, narudisha kesho asubuhi." "Chaja ya LP-E6, nipo Area D, natuma boda." Hivyo ndivyo tunavyoishi. Sijui mtu hata mmoja mwenye kila kitu. Mwenye lenzi ndefu hana taa, mwenye taa hana betri.

Nilipitia majina kwenye kundi, nikaweka alama. Wengi ni Canon, na lenzi zao ni EF, maunti (kishikio cha lenzi) iliyoanza 1987. Nyingine zina umri kuliko wanaozishika. Sony wanaongezeka, hasa vijana wa video. Nikon alikuwa mmoja, naye amehamia Mwanza. Ndiyo sababu Z6 II niliiacha jioni ileile. Kamera haina kosa, ila Jumamosi saa kumi ningekuwa yatima.

EF kwenye R6 inakaa kwa adapta na inafanya kazi kana kwamba imezaliwa hapo. EF kwenye Sony nayo ina adapta, lakini niliyoijaribu ilikuwa ikisitasita kutafuta fokasi taa zikipungua, na kwetu taa huwa zinapungua.

Haki ya Sony niiseme. Lenzi za bei ya kati amewaachia watu wa nje mlango wazi; ile Tamron ya gramu 550 ndiyo zumu ya f/2.8 niliyoitamani kuliko zote, na kama ningekuwa naanza leo sina hata kofia ya lenzi, ningeenda huko. Canon kwa fulu fremu ya RF, maunti yake mpya, mlango huo ameubana miaka mingi, na lenzi zake mwenyewe za f/2.8 zina bei ya kiwanja. Linaniudhi. Ninayemtumikia ananiona kama sina pa kwenda, na kweli sina.

## Vumbi

Hili nalisema kwa wanaoishi huku. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa Dodoma haukuulizi. Maharusi wanataka picha jioni juu ya miamba, shela linapepea, picha inatoka nzuri sana, na wewe umesimama unatafuna mchanga. Kwenye kamera yenye kioo, ukitoa lenzi unaona kioo, na nyuma yake imejificha shata. Kwenye mirolesi, isiyo na kioo, unaiona sensa yenyewe imekukodolea macho.

R6 ukiizima, shata inajifunga mbele ya sensa. A7 III haifanyi hivyo. Sony waliliweka kwenye A7 IV. Shata ni kitu chembamba, usiiguse kwa kidole, wala si sababu ya kubadilisha lenzi hadharani. Ila ile A7 III niliyoazimwa niliielekeza angani kwa f/16, nikakuza, nikahesabu madoa kumi na moja.

Si kosa la Sony, ni kosa la mji.

## Dar, kwenda na kurudi

Nilipanda SGR ya alfajiri na hela ikiwa mahali ambapo sitapataja. R6 niliyoiendea ilikuwa imesuguliwa kona moja. Niliitazama kama mtu anayenunua mbuzi mnadani: kadi mbili ndani, zote zinaandika, dari jeupe la duka kwa f/16, doa moja, fokasi kwenye jicho la muuzaji, akageuka, ikamfuata, akainama chini ya kaunta, ikamsubiri. Shata ya R6 imekadiriwa kufikia picha 300,000, na muuzaji aliapa hii haijafika hata robo. Kuapa ni bure, nikaomba punguzo.

Zumu niliipata hapahapa Dodoma, kwa mwenzetu wa kundi aliyehamia RF: EF 24-70 f/2.8L, ile ya kwanza. Gramu 950. Ina tabia ya ajabu, inarefuka unaporudi kwenye 24 na kufupika ukienda 70, kinyume na unavyotegemea, na kiganja changu bado kinaibishia. Jumapili baada ya kazi ya kwanza sikuweza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia.

Yapo ambayo hakuna aliyenionya, au nilionywa sikusikia. Betri za 80D zinaingia kwenye R6 bila shida, furaha yangu ilikuwa hapo, lakini 80D kwa kipimo cha kiwandani hufika picha 960 kwa chaji moja na R6 ukiwa unachungulia haifiki hata nusu ya hiyo. Nne sasa ndizo ninazotembea nazo. Halafu shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti. Niliiwasha kanisani wakati wa viapo, nikijiona mstaarabu. Taa za kanisa lile ni LED za bei nafuu, na picha zilitoka na mistari ya giza na mwanga ikikatiza gauni kama shuka la hospitali. Nilishtukia picha ya saba, nikarudi kwenye shata ya kawaida. Padri akanitazama.

Fokasi, hapo sina neno. 80D imeandikwa inalenga mpaka EV −3 kwa nukta ya katikati; namba hiyo ikishuka, giza linazidi. R6 mpaka −6.5, kwa lenzi ya f/1.2, ambayo sina. Hata kwa 2.8 yangu, taa zikizimwa ili keki iwashwe fataki, inakuta jicho kabla yangu.

## Hombolo tena

Mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa na deni. Nilichukua lile faili la mama, lilelile la 80D, nikalihariri upya taratibu: programu ya kupunguza chenga usoni tu, uso nisiupandishe sana, gauni la binti nilishushe badala yake. Nikachapa A3, nikaitia kwenye fremu. Ya ukutani.

Nilimkuta anachambua zabibu kwenye ungo, kivulini. "Mbukwa," nikamsalimu, kwa kujipendekeza. Akaitika kwa Kigogo kirefu nisichokimudu, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Hakwenda mlangoni safari hii. Aliitazama palepale.

"Hii ndiyo kamera mpya uliyonitumia ujumbe?"

"Hapana, mama. Ni ileile ya siku ile."

Akanitazama, akaitazama picha. "Kumbe ilikuwa inaweza," akasema, kisha akamwita mjukuu alete msumari.

Nilirudi na mfuko wa zabibu na nikala nusu njiani. 80D nimemwachia kijana anayenisaidia, kwa makubaliano kwamba shata asiishushe chini ya 1/125 wala asiipandishe bila sababu, na kila meza akibadilisha apime upya. Lenzi ya 17-55 nilisema nitaiuza kufidia pengo. Tangazo nimeliweka kwenye kundi na picha yake, utepe mweusi unaonekana.

Jana mtu wa tatu alinipigia. Nilimtajia bei ambayo najua hawezi kuitoa.